Santuri Zilizomtaja Ngai

Fundi wa redio wa Malili alifungua kopo la zamani la mafuta ya nywele, akapekuapekua ndani kwa kidole, akanitolea sindano moja ya gramafoni.

"Mzee, hii ndiyo ya mwisho," akasema. "Si ati ya mwisho hapa kwangu. Ya mwisho, basi. Watu siku hizi ni kaseti."

Nilimwambia kaseti ni utepe wa kufungia zawadi, ila zawadi yenyewe haimo. Alicheka sana. Mimi sikuwa nimefanya mzaha. Niliifunga ile sindano ndani ya leso, nikaiweka mfuko wa shati, nikaushika mfuko kwa mkono mpaka nikafika nyumbani Tawa. Walioniona njiani walidhani ni moyo unanisumbua.

Moyo uliosumbua ulikuwa wa mke wangu. Daktari, kijana mdogo ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajadiliana kama zitoke, alituambia umepanuka. Alilisema hilo kana kwamba anazungumzia shamba. Asipande mlima, asile chumvi, asishtuliwe. Nikamuuliza mtu aliyeolewa na mimi ataepukaje kushtuliwa. Hakuandika chochote. Basi tulimtandikia kitanda sebuleni, karibu na dirisha, apate hewa na aone nani anapita barabarani na amebeba nini, maana hilo hakuna daktari angeweza kumkataza.

Hapo ndipo nilipoamua. Sindano moja, santuri kreti nzima, na mtu mmoja wa kusikiliza pamoja naye. Kila santuri ingepigwa mara moja, upande huu na upande huu, kwa mpangilio wa kreti, mpaka sindano ikatae. Nilianika mawe ya gramafoni, hizo betri zake, juani juu ya mabati yapate nguvu, kama tulivyofanya tangu zamani, nikaingiza kreti sebuleni.

"Baba watoto," akasema mke wangu, "unataka nifukuzwe duniani na makelele?"

"Nataka tuzisikize zote."

"Zote?"

"Zote."

"Hata ile ya Kifaransa?"

"Hata hiyo. Kwani iliua mtu?"

Alicheka, akakohoa, akanifanyia ishara ya mkono nianze.

Sasa, mjue mimi nilikuwa mtu wa stesheni ya Emali, upande wa mizigo, kutoka miaka ya sitini. Mke wangu alikuwa na hoteli ndogo kando ya barabara kuu: chai, mandazi, muthokoi, nyama siku ya soko. Stesheni na barabara, vyote viwili vilipitisha watu wenye vitu, na mimi udhaifu wangu ulikuwa sahani za muziki. Wengine walikunywa. Wengine walikuwa na mke wa pili kule Loitokitok. Mimi nilinunua santuri, na bado nilitazamwa vibaya kuliko wote, kwa sababu mlevi hulala akanyamaza lakini gramafoni husikika mpaka kanisani.

Ya kwanza katika kreti ilikuwa ya Mzungu mwenye kofia pana. Niliinunua kwa sababu jalada lake lina gari la moshi. Nilidhani ataimba habari za kazi: mabehewa, mizigo iliyochelewa, msimamizi asiyejua chochote. Kumbe anamlilia mama yake kutoka mwanzo hadi mwisho, na treni yenyewe inapita mara moja tu, kwa mbali. Nilimsikiliza tena nikamwona mjinga. Kama treni ipo na mama yuko, panda uende.

Ya pili ni taarabu ya Mombasa, niliyoachiwa na abiria. Kiswahili chake kimenyooka hata hakuna kati yetu aliyekielewa. Siku hiyo, baada ya miaka yote hiyo, mke wangu aliisikiza kwa makini, akageuza kichwa: "Huyu mama anamtukana mwenzake."

"Wapi? Anazungumza habari ya waridi na asumini."

"Ndiyo. Anasema yeye ndiye waridi."

Nilisikiliza tena. Ni kweli, alikuwa anamtukana, na kwa adabu zote.

Ya tatu ndiyo hiyo ya Kifaransa. Jamaa mmoja ndani ya treni aliniuzia akiapa ni muziki wa kucheza polepole, na jalada lilikuwa na mwanamume na mwanamke wanashikana mikono. Si muziki. Ni masomo. Mwanamume anauliza njia ya kwenda stesheni, mwanamke anamwelekeza, mwanamume anashukuru, halafu anauliza tena. Pande mbili nzima, hafiki. Miaka ile nilikuwa nikiipiga kwa hasira, nikitegemea kwamba siku moja atafika. Siku hiyo pia hakufika, tukamwacha.

Baada ya hapo yanafuata majalada matupu. Hayo yalikuwa ya santuri za bendi zetu za Kikamba, gitaa linakimbia mbele na ngoma inalifuata ikilia. Santuri zenyewe zilichomwa, lakini majalada niliyarudisha mahali pake, kila moja katika nafasi yake. Sikuwa nimekusudia kuyaruka. Nilichukua la kwanza, nikaliangalia. Mwimbaji huyu alikuwa analalamika kwamba mkewe anamaliza sukari akitembelewa na dada zake. Nilianza kuuvumisha wimbo wake puani, nikakwama ubeti wa pili.

Mke wangu akaumalizia kutoka kitandani, neno kwa neno, mpaka mahali ambapo yule dada mkubwa anaondoka na sukari kwenye kitambaa cha kichwa.

"Wewe!" nikasema. "Mwanakwaya! Umeyatoa wapi hayo?"

"Yalikuwa yanapigwa nyumbani kwangu," akasema. "Ningeyatoa wapi?"

Tukaimba majalada matupu yote. Pale nilipokwama, alinitoa. Nilishangaa, lakini mshangao wangu mimi huwa mfupi, nikaendelea.

Ngoja niwaambie zilichomwaje.

Miaka ya sabini ulikuja Emali mkutano mkubwa wa injili. Hema, vipaza sauti, mhubiri kutoka mbali. Watu waliokoka kwa makundi, na desturi ya kwetu ni kwamba aliyeokoka anavileta vitu vya dunia vichomwe mbele ya watu: vibuyu vya pombe, vikopo vya ugoro, hirizi, na sahani za muziki. Mke wangu alikuwa ameokoka kitambo, ni mwanakwaya, sauti ya kwanza. Mimi sikuwa nimeokoka. Nilikuwa nakaa kiti cha nyuma, karibu na mlango, na nilikuwa mtu wa kiti hicho kwa moyo wote. Wazee wa kanisa hawakuweza kuniamuru mimi. Walimwita yeye. Wakamwambia dada hawezi kusimama mbele asubuhi akimsifu Bwana, na jioni nyumba yake inapiga rumba. Zile sahani zitoke au yeye atoke kwaya, na tena awekwe chini ya nidhamu.

Alirudi nyumbani akanieleza bila kuongeza wala kupunguza, akaenda kukanda unga. Hakuniomba nizitoe. Ningeombwa, pengine ningekataa kwa kelele na mambo yangeisha vibaya. Kwa sababu hakuniomba, nilitembea uani kama jogoo aliyefungiwa, mwishowe nikatuma neno: waje wazisikize moja moja. Ya shetani wachome, ya Mungu waniachie.

Nilijua ninachofanya. Sehemu kubwa ya kreti langu ilikuwa rumba ya Kongo, kwa Kilingala. Na Kilingala, kwa bahati njema, kina neno "ngai".

Ngai kwetu Ukambani ni Mungu. Mtu analiita jina hilo akijikwaa, mtoto akizaliwa, akisikia bei ya sukari. Na waimbaji wa rumba wanalitaja kila mstari, kwa sauti tamu ya kuomba, wamefumba macho hata kwenye picha. Mimi mwenyewe kwa muda mrefu niliamini Wakongo ni watu wa dini kupita kiasi. Aliyenitoa ujinga ni dereva mmoja wa Zaire, lori lake lilivunjika ekseli karibu na Emali, akakaa kwetu akingoja spea. Alikula kwenye hoteli ya mke wangu mchana na jioni. Nilimpigia ile santuri ninayoipenda kuliko zote, ambayo mle nyumbani tuliiita Ile ya Ngai Ngai, nikamsifu kwa uchaji wa watu wake.

Alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Ngai ni miye!" akasema. "Ni miye tu, mzee! Huyu analia bibi yake. Anasema, umeniacha miye, utarudi kwa miye, miye na weye. Mungu hayuko humu. Mungu sisi tunamwita Nzambe."

Nikamwambia kwetu nzamba ni jogoo.

"Aka!" akasema. "Basi nyinyi munachinja Mungu kila Krismasi?"

Tulicheka wote wawili kama wendawazimu. Mke wangu alikuwa hapo na birika, akitujazia vikombe, lakini mtu wa hoteli hasikizi maneno ya wateja. Anasikiliza kama chai imekwisha. Sikumfafanulia. Alikuwa na kawaida ya kuimba ule wimbo akisugua sufuria, "Ngaai, Ngaai," kwa moyo safi kabisa, nami sikutaka kumharibia. Yule dereva alipoondoka aliniachia zawadi, santuri ya kwaya ya misheni ya kwao, nyimbo tupu za kumsifu Nzambe.

Basi wazee wakaja. Walikuwa watatu: pasta wetu wa wakati huo, ambaye alikuwa mzee mwembamba aliyeogopwa hata na mbwa; fundi viatu; na naibu wa chifu. Waliketi sebuleni kama baraza la mtihani. Biblia iliwekwa mezani kando ya gramafoni.

Bendi za Kikamba hazikupata nafasi hata ya kupumua. Tatizo lake ni kwamba zilieleweka. Ule wa sukari pasta aliusikiliza mpaka mwisho, fundi viatu akipiga mguu chini pole pole bila kujijua, halafu ukahukumiwa. Zote zikawekwa upande wa moto. Mzungu wa treni aliokolewa, kwa kuwa alisikika akitaja Bwana kwa Kiingereza. Taarabu iliokolewa, na pasta akasema tuangalie jinsi Kiswahili cha Biblia kilivyo kitamu kikiimbwa. Ile ya Kifaransa ilisikilizwa kwa heshima. Fundi viatu alidhani ni mahubiri.

Ikaja kwaya ya misheni. Santuri pekee ya Mungu katika kreti nzima, nilikuwa nayo tayari kama ushahidi. Lakini ilikuwa na ngoma nyingi, na kila wakipandisha sauti wanaimba "Nzambe! Nzambe!" Pasta alisimama.

"Nzamba?" akasema. "Hawa wanamwabudu jogoo! Hii ni sanamu. Motoni!"

"Ngoja, pasta," akasema naibu wa chifu, sauti imeshuka. "Jogoo?"

Pasta akaketi tena. Miaka ile jogoo alikuwa alama ya chama kilichotawala, na kadi yenye jogoo ilikuwa mfukoni mwa kila mwanamume pale ndani. Nani angekwenda kueleza kwamba alichoma wimbo wa kumsifu jogoo hadharani, naibu wa chifu akiota moto huo huo? Walijadiliana kwa minong'ono. Ikaamuliwa isichomwe, ila isipigwe kwa sauti.

Mwisho nikaweka Ile ya Ngai Ngai. Gitaa likaingia taratibu, na yule bwana akaanza kulia: ngai, ngai. Pasta akainamisha kichwa upande.

"Lugha gani hii?"

"Ya Kongo," nikasema.

"Na anamwita Ngai?"

Hapo nilifungua mdomo, sijui ningesema nini. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai.

"Si mnasikia wenyewe?" akasema.

Pasta alimgeukia. Aliweka mkono juu ya Biblia. "Dada, wewe ndiwe unaishi na hizi sahani. Mume wako hajaokoka, neno lake siwezi kulichukua. Lako nitalichukua. Huyu anamwita Ngai?"

"Ndiyo, pasta. Anamwita Ngai."

Ikabidi nitoke nje. Nilisimama nyuma ya choo nikicheka mpaka mbavu zikauma. Rumba zangu zote zikapona kwa ushahidi wa mwanamke mmoja asiyejua uongo, na yeye akaendelea kuimba kwaya. Za Kikamba zilichomwa Jumapili, zikanuka lami. Nilihuzunika, lakini ukitoa sadaka lazima kitu kiungue.

Kisa hicho nimekisimulia stesheni miaka mingi. Mke wangu, mwaminifu, msafi, aliyewapa wazee neno lake kwamba mtu anayelilia bibi yake anamwita Mungu. Jamaa walikuwa wakinilipia soda ili nirudie. Nyumbani nilikuwa nikimchokoza: "Leo tuombe, mama watoto, niweke Ngai Ngai?" Alikuwa akitabasamu, akiendelea na sufuria zake.

Kitu kingine kidogo. Jumapili ya Meza ya Bwana, mke wangu ndiye aliyebaki jikoni ya kanisa kuwachemshia wageni chai. Kila mara. Kule Emali, na hata tulipostaafu tukarudi Tawa, kanisa lingine kabisa, bado mkate na kikombe vikipita yeye yuko jikoni anapuliza moto. Nilimwambia wanamtumia vibaya. Akaniambia mtu wa hoteli ni mtu wa hoteli hata mbinguni. Nikaona ni unyenyekevu. Watu waliookoka nilikuwa nawaruhusu tabia zao.

Turudi kwenye kreti. Sindano ilikuwa imefika kwenye rumba na imeanza kuchoka, sauti ina mchanga kidogo. Wakati huo huo mke wangu alikuwa anazidi kuvimba miguu, na usingizi wake ulikuwa wa kukaa, ameegemea mito. Pasta wa sasa, kijana, alituma salamu kwamba Jumamosi angemletea Meza ya Bwana nyumbani, kama wanavyowafanyia wagonjwa.

"Mwambie asije," akasema mke wangu.

"Asije kwa nini?"

"Asije tu."

Nilikasirika. Mimi, wa kiti cha nyuma, ndiye niliyekasirika kwa ajili ya kanisa. "Mtu ameimba kwaya maisha yake yote, anakataa meza akiwa mgonjwa? Watu watasema nini? Watasema ni mimi nimekukataza!"

"Wacha waseme. Maliza sahani zako kwanza."

Basi nikazimaliza. Kwaya ya misheni tuliipiga kwa sauti yote, maana naibu wa chifu alikuwa ameshakufa na jogoo mwenyewe hakuwa akiogopwa kama zamani. Nilikuwa nimeiacha moja mwisho kwa makusudi. Asubuhi ya zamu yake niliipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, nikageuka kumwuliza kama yuko tayari.

"Haya," akasema. "Sasa niwekee ile ya Mimi Mimi."

Nilisimama na santuri mikononi.

"Ya nini?"

"Ya Mimi Mimi. Umeacha moja tu, si ndiyo hiyo?"

Niliketi kwenye kiti cha kando ya kitanda, santuri kwenye magoti.

"Ulijua lini?"

"Wakati ule ule. Si nilikuwa hapo na birika? Mlidhani nina masikio ya sufuria?"

"Na siku ya wazee?"

"Siku ya wazee nilijua." Alipumua kidogo. "Nilidanganya, baba watoto. Pasta ameshika Biblia, ananiangalia, nikamwambia anamwita Ngai. Nilijua ni mtu analia mke wake."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unatoka stesheni umenuna kama mtu aliyelishwa shubiri. Huongei, huulizi watoto, chakula kina kasoro. Ukiweka sahani moja unakuwa mtu. Nilikuwa nahitaji mtu nyumbani. Hao wazee wangezibeba halafu wangekwenda zao, na wewe ungebaki na mimi."

Niligeuza santuri juu ya magoti.

"Ungetubu basi," nikasema. "Si nyinyi mnatubu? Ungetubu wiki ile ile."

"Nikitubu wangerudi kuzichukua. Na siwezi kutubu nusu. Meza ya Bwana haishirikiwi na uongo moyoni, nikaona nitaiacha kwanza, chai nitapika. Nilidhani ni miezi kidogo. Halafu miaka ikaenda."

Ndipo nilipoelewa ile jikoni. Jumapili zote zile, watu wakila mkate, mke wangu akipuliza kuni ili mimi niendelee kumsikiliza Mkongo. Na mimi kule stesheni nikinywa soda ya watu kwa kisa chake. Niliona aibu hata ya kumtazama. Niliweka santuri, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufanya kwa mikono yangu. Sindano ilikwaruza lakini ilifika mwisho. Aliusikiliza wimbo wote amefumba macho, na mahali pa kuitikia aliitikia.

Nilifunga kifuniko cha gramafoni nikaenda mwenyewe kumwita pasta.

Huyu pasta mpya kanisa lake lina magitaa ya umeme. Kwaya ya vijana inapiga rumba ile ile, kidole kwa kidole, ila mahali pa msichana wametia Yesu. Alikuja na mkate wake kwenye sahani na juisi ya zambarau kwenye chupa, akaketi, akamuuliza mke wangu kama kuna neno moyoni kabla ya kushiriki.

"Lipo," akasema. "Nilisema ni Ngai, na nilijua si Ngai."

"Ilikuwa nani, mama?"

"Mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Hilo neno. Ni mimi."

Pasta alinitazama. Nilimweleza mambo yote tangu dereva hadi naibu wa chifu, na nilipofika kwenye jogoo alishindwa. Alicheka, maskini, hakukusudia vibaya, akijifuta macho. "Mama," akasema, "hiyo tu? Kwani hiyo ni dhambi? Siku hizi hata sisi—"

"Kijana wangu, usicheke," akasema mke wangu, na sauti yake ilikuwa ile ya hoteli, ya kumwambia mlevi atoke. "Mimi nimekaa jikoni miaka hiyo yote. Kama si dhambi, basi nilikaa bure. Afadhali iwe dhambi. Wewe nisamehe."

Kijana yule akaweka sahani ya mkate mezani. Nimewaona mapasta wengi kutoka kiti cha nyuma, na sikuwahi kumheshimu mmoja kama nilivyomheshimu huyo siku hiyo, maana alipiga magoti kwenye sakafu yetu, akamwambia kwamba ilikuwa dhambi, na kwamba imesamehewa. Akampa mkate. Mke wangu aliutafuna taratibu sana, kama mtu anayeonja kama chumvi imetosha. Akanywa juisi yote iliyokuwa kwenye kikombe, akauliza kama kuna nyingine. Nililia mbele ya pasta na sikujali.

Pasta alipoondoka, mke wangu alisema nimwekee tena. Niliweka. Sindano ilipiga yowe, ikateleza kutoka ukingoni hadi katikati, ikanyamaza. Niliitoa nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa imekwisha, imekuwa butu kama msumari wa kiatu.

"Imekufa," nikamwambia.

"Basi imba wewe."

"Mimi Kilingala sijui. Najua neno moja tu."

"Imba hilo," akasema, na akafumba macho kunisubiri nianze.